Maziwa kwenye theluji: barua ya wazi kwa Tume ya Hifadhi na Wanyamapori ya Colorado

Waheshimiwa Wajumbe,

Novemba 2024 nilijaza karatasi yangu ya kura jikoni kwangu, hapa Aurora, chai ikipoa pembeni. Nilipofika kwenye Pendekezo Namba 127, lile la kupiga marufuku uwindaji wa simba wa milimani katika jimbo hili, niliweka alama kwenye Hapana. Sikusita. Binti yangu wa miaka 16, ambaye shuleni kwao walikuwa wamelijadili wiki nzima, aliichungulia karatasi, akanyanyuka, akaenda chumbani kwake. Hatukuzungumza mpaka jioni.

Tuliosema Hapana tulikuwa kama asilimia 55. Sababu tuliyopewa, kwenye mabango na kwenye vipeperushi vilivyojaa sanduku la barua, ilikuwa moja: mambo ya wanyamapori waachiwe wataalamu, yasiamuliwe kwa huruma za watu wa mjini. Sawa. Tumewaachia. Ninawaandikia kuhusu hicho mlichoachiwa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu habari za simba nilizijua kwa Kiswahili, na nikijaribu kuziwaza kwa Kiingereza najikuta naongea kama kipeperushi. Tafsiri mtaipata kwenye barua pepe yenu. Binti yangu ndiye aliyeifanya, na amenihakikishia hajapunguza neno. Lakini barua yenyewe ni hii. Nimeiweka hadharani pia kwa ajili ya watu wetu wa Aurora, Denver na Greeley, ambao wengine walikuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza tangu wale kiapo cha uraia, na walionipigia simu wakiuliza: hao simba wako wapi, mbona hatujawahi kuwasikia wakinguruma?

Hawangurumi. Hilo ndilo jibu la kwanza nililowapa. Huyu jina la simba amepewa kwa sababu ya rangi yake tu. Jina lake jingine ni puma. Hana manyoya ya shingoni, haishi kwa makundi, na koo lake haliwezi ngurumo. Akiridhika hukoroma kama paka wa nyumbani anayekunwa kidevu. Anatembea peke yake, anawinda zaidi usiku na alfajiri, na chakula chake kikubwa ni kulungu wa huku, wale wenye masikio marefu kama ya punda. Waliosema simba mwenda kimya ndiye mla nyama hawakuwahi kumwona huyu, lakini methali inamfaa kuliko inavyomfaa simba wa kwetu, ambaye kelele zake husikika kilomita nane.

Mimi ni mtu wa Rufiji, pwani ya Tanzania. Inabidi niwaeleze maana yake, kwa sababu kura yangu ilitoka huko.

Kwetu mpunga ukikaribia kukomaa, watu huhamia shambani. Unajenga dungu, kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa, unalala humo na debe la kugonga, kwa kuwa nguruwe pori wachache wanaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha nyumba nzima cha mwaka. Nguruwe wanafuata mpunga, simba wanafuata nguruwe, na kati yao amelala mtu. Kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, wengi wao kusini na pwani, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Dume mmoja, ambaye watu walimpa jina la Osama, aliua zaidi ya watu 30 kabla askari wa wanyamapori hawajampata Aprili 2004. Walipompasua taya walikuta jipu kubwa chini ya jino.

Nimelala madunguni nikiwa mtoto, ubavuni mwa mjomba wangu. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba usiku wa kuogopa ni ule unaofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza na giza likaingia mapema watu wakiwa bado nje. Mwaka 2011 watafiti walikuja kulithibitisha jambo hilo kwa takwimu. Wangemuuliza bibi yangu angewaambia bure.

Simba wa aina hiyo alipouawa, vigelegele vilipigwa kijiji kizima, na mimi nilikuwemo kwenye kundi la watoto waliokwenda kumgusa mkia. Sioni aibu. Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wanaolia kila mnyama mwenye makucha anapoanguka. Mwaka 2015, alipouawa yule Cecil wa Hwange, Zimbabwe, wenzangu kazini walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Wale 560 hakuna aliyewahi kunipa pole kwa ajili yao.

Basi kura ile ilipokuja, niliona kitu ninachokijua. Niliona Denver na Boulder zikitaka kuwaamulia watu wa milimani na wafugaji wa magharibi, kama ilivyokuwa 2020 kwenye kuwarudisha mbwamwitu, pendekezo lililopita kwa kura chache sana na ambalo watu wa upande ule hawajalisahau mpaka leo. Nikasema: hii ni London inaiamulia Rufiji.

Na nilikuwa na sababu ya pili, ambayo bado naiona nzito. Oregon walipiga marufuku mbwa wa kuwindia puma mwaka 1994, jimbo la Washington wakafuata 1996, zote kwa kura za wananchi. Waliotaka marufuku walidhani wanapunguza vifo. Kilichofuata ni leseni kuuzwa kwa bei ndogo kwa watu wengi zaidi, kila mtu akitembea na yake mfukoni hata akienda kuwinda kulungu, na baada ya miaka idadi ya puma waliouawa ikawa juu kuliko mwanzo. Aliyekutana na puma ghafla kati ya miti hana muda wa kujua kama ni dume au jike. Mwenye mbwa anao. Mbwa wakishampandisha mnyama mtini, mwindaji anaweza kukaa chini yake nusu saa akimtazama. Hoja hiyo niliinunua, na niliitetea mbele ya binti yangu kwa maneno mengi.

Halafu Januari nikaenda kuona.

Naendesha basi la shule. Dereva mwenzangu ana shemeji anayefuga mbwa wa kuwinda na kuongoza wageni kwa malipo. Nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita siku ile na akalipenda jina. Ni mtu wa milima, anaongea kidogo, mikono yake ina makovu ya kung'atwa na mbwa wake mwenyewe. Alikuwa na mteja kutoka jimbo jingine. Nilikubaliwa kukaa kiti cha nyuma cha pikapu, nisishike bunduki, nisipige picha za mteja.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Theluji ilikuwa imeanguka jioni, kwa hiyo kila alama iliyokuwepo barabarani ilikuwa ya usiku ule. Mzee aliendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, taa zikimulika ukingo wa barabara ya msituni. Karibu na mapambazuko akasimama, akashuka, akapiga goti. Aliweka vidole vinne juu ya unyayo, akaviinua, akaweka tena. Alisema ni wa usiku huu, ni mmoja, na si mkubwa sana. Akafungulia mbwa.

Wanaodhani uwindaji huu ni mwendo wa kukimbia nyuma ya mbwa porini watashangaa. Mbwa wamefungwa kola za setilaiti. Sisi tulikaa ndani ya gari, tukinywa kahawa, tukitazama kioo kidogo mkononi mwa Mzee ambacho alama za mbwa zilikuwa zinatambaa juu yake kama siafu. Baada ya saa moja na robo alama zikakusanyika pahali pamoja, na kifaa kikaonyesha mbwa wameinua vichwa. Mnyama yuko juu ya mti. Ndipo tulipoanza kupanda kwa miguu.

Alikuwa kwenye msonobari, juu ya tawi nene, mkia ukining'inia. Kati yangu na yeye palikuwa kama kutoka mlangoni hadi kitandani. Hakututazama sisi hata kidogo; alikuwa anatazama mbwa. Nimemwona simba wa kwetu akiwa amekufa, na nimemsikia akiwa hai, lakini sijawahi kusimama nikamtazama mla nyama mkubwa usoni kwa muda mrefu namna ile bila yeye kuwa na la kunifanya. Niliona haya. Sikujua kwa nini, na kwa wakati ule nikajiambia ni baridi.

Mzee akazunguka mti na darubini. Dume ana doa jeusi la manyoya chini ya mkia. Huyu hakuwa nalo. "Jike," akasema. Akatafuta chuchu. Manyoya ya majira ya baridi ni mazito na tumbo lilikuwa limelalia tawi; hakuziona. Akazunguka tena mbali zaidi, akitafuta nyayo ndogo kwenye theluji. Hakuna. Akamwambia mteja kwamba yeye angemwacha. Mteja akauliza kama ni halali. Mzee akajibu ndiyo, ni halali, sheria inakataza jike mwenye watoto pamoja naye, na huyu hana mtoto hapa. Mteja alikuwa amefanya mtihani wenu wa kutambua puma, cheti anacho, ndege yake ilikuwa kesho yake mchana, na fedha alizolipa zilikuwa maelfu ya dola. Risasi moja. Alianguka kama gunia.

Walipokuwa wanamchuna, kisu kikapita tumboni na mikono ya Mzee ikalowa. Nilikuwa naangalia pembeni, nikamwona amesimama ghafla. Maziwa. Yalikuwa yanadondoka kwenye theluji, meupe juu ya weupe. Nisingeyaona kama yasingekuwa yanatoa mvuke. Mteja akauliza kuna nini, Mzee akamjibu kwa neno moja. Mteja akaenda kukaa kwenye gogo. Nataka mjue hilo: hakuwa mtu mbaya, hakucheka, hakutaka tena kupigwa picha. Hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyevunja sheria yenu.

Jioni nyama ikapikwa, kwa kuwa sheria yenu inadai itayarishwe kwa kuliwa, na hiyo ni sheria nzuri. Nilikaribishwa nikakataa kwa adabu. Sisi Waislamu mnyama mwenye chonge hatumli. Wakanituliza kwamba ladha yake ni kama ya nguruwe. Haikunisaidia.

Siku ya tatu Mzee akanipigia simu. Alikuwa amerudi kule peke yake, mbwa wamebaki nyumbani. Alikuta nyayo za watoto wawili, kila moja sawa na kitako cha kikombe cha kahawa. Zilishuka kutoka kwenye majabali hadi pale tulipomchunia, zikazunguka zunguka, zikarudi juu. Alizifuata mpaka zilipoishia kwenye mwamba mtupu, akakaa hapo hadi jua likazama. Hakuniambia zaidi, nami sikumuuliza.

Sasa, Waheshimiwa, wataalamu wenu mnao, na hili wanalijua kuliko mimi. Puma jike hazunguki na watoto wakati wote. Anawaficha, anakwenda kuwinda, anarudi. Wakiwa wadogo anaweza kuwaacha usiku kucha. Watoto hukaa naye zaidi ya mwaka mmoja, na kabla ya hapo nafasi yao ya kuishi bila yeye ni ndogo. Huzaliwa wakati wowote wa mwaka, wengi zaidi majira ya joto, maana yake msimu wenu wa uwindaji, theluji inapokaa, unawakuta wengi wakiwa na miezi michache. Na mbwa wakimfukuza, mama hakimbilii waliko watoto. Anakimbia mbali nao, kama mama yeyote. Kwa hiyo kutokuwepo kwa mtoto chini ya mti ule si ushahidi kwamba hana mtoto. Kufukuzwa kwenyewe ndiko kunakomtenga naye. Sheria inamwambia mwindaji atazame pahali ambapo sheria yenyewe imehakikisha hataona kitu.

Sheria yenu inauliza: watoto wanaonekana? Swali la haki ni: wapo?

Najua mtanijibu kwa hesabu, na sina ugomvi na hesabu zenu. Mnakadiria jimbo lina puma kati ya 3,800 na 4,400, bila watoto. Wawindaji huua kama 500 kwa mwaka. Hadi 1965 jimbo hili lilikuwa likiwalipa watu fedha kwa kila puma waliyemuua, kama panya wa ghala. Tangu mlipomtoa kwenye orodha ya wanyama waharibifu na kumweka kwenye orodha ya wanyama wakubwa wa kuwindwa kwa sheria, ameongezeka, na sehemu ya sifa hiyo ni yenu na ya wawindaji waliokubali kuwekewa mipaka. Utah, jirani zenu, mwaka 2023 walifungua uwindaji wa puma mwaka mzima. Ninyi hamkufanya hivyo. Nimelisema hadharani.

Lakini hesabu inajibu swali la kama watakwisha. Hao wawili wa kwenye majabali hawamo kwenye hesabu yoyote, si ya waliopo wala ya waliouawa. Mlipimiwa jino la mama yao, mkajua umri wake, mkamwandika moja. Walikuwa watatu.

Kuna hoja nyingine ambayo nilikuwa naitumia mimi mwenyewe, kwamba uwindaji unawalinda watu. Huko kwetu hoja hiyo haina mjadala, ukiwa kwenye dungu. Ila hata kwetu, kama nataka kuwa mkweli, simba aliyekula watu na simba aliyelipiwa dola na mgeni hawakuwa simba mmoja. Wa kwanza aliuawa na askari na wanakijiji karibu na mashamba; wa pili aliuawa ndani ya Pori la Akiba la Selous, siku nzima ya safari kutoka kwa mtu yeyote aliyewahi kumwogopa. Na hapa Colorado, tangu 1990, waliouawa na puma wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki. Kila mmoja ana mama yake na simdharau. Lakini Rufiji si hapa, na mimi nilipiga kura kana kwamba ni hapa. Hilo ni kosa langu, si lenu.

Tena, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walipochapisha mwaka 2013 uchunguzi wao wa kumbukumbu za miaka kadhaa, walikuta kwamba pale puma wengi zaidi walipowindwa, malalamiko na mifugo iliyoliwa viliongezeka mwaka uliofuata. Maelezo yao yanaingia akilini kwa mtu yeyote aliyeishi na wazee: dume mkubwa akiondolewa, vijana wanaingia kutoka kila upande, hawana eneo, hawana adabu, na wanasogelea mabanda ya mbuzi. Wapo wataalamu wanaobishana na matokeo hayo. Wabishane. Ila msituambie tena, kana kwamba jambo limekwisha, kwamba kila ngozi inayoning'inia ukutani ni mtoto mmoja aliyeokolewa njiani kwenda shule. Watoto wa shule nawapakia mimi, kila asubuhi, na mpaka leo tishio lao kubwa ni madereva wanaotazama simu.

Wengi wa wanaowaandikia watawataka mpige marufuku. Mimi sikuwaombea hilo 2024 na siwaombi leo. Ninachowaomba kimo ndani ya uwezo wenu. Hakihitaji kura ya wananchi, kinahitaji nyinyi wajumbe mnyanyue mikono.

Mnatetea mbwa kwa hoja kwamba mbwa wanampa mwindaji nafasi ya kuchagua. Basi achague. Anayewinda akiongozwa kwa malipo asiruhusiwe kuua jike. Mwongozaji anayelipwa maelfu ya dola anajiuza kwa ujuzi wa kutofautisha dume na jike. Mzee alimjua jike ndani ya dakika tano. Alichokosa si ujuzi, ni sheria ya kumpa nguvu mbele ya mteja mwenye tiketi ya ndege. Alisema "ningemwacha" akimtazama mtu aliyemlipa, na hiyo ni sentensi dhaifu sana msituni. Mpeni iliyo na nguvu: "Huyu hauawi." Nilimuuliza baadaye kama sheria hiyo ingemharibia kazi. Akasema ingempunguzia wateja wawili watatu, wale ambao hata hivyo hapendi kuwarudia.

Kwa wasioongozwa, wenyeji wanaowinda wenyewe, kila eneo liwe na ukomo wa majike unaojitegemea, na ukifika, majike wafungwe hata kama jumla ya eneo haijatimia. Montana wanao utaratibu wa namna hiyo na uwindaji wao haujafa. Na idadi ya majike waliokutwa wananyonyesha itangazwe kila mwaka pembeni ya ile jumla, kwa tarakimu kubwa ileile, ili anayesoma 500 asome na hiyo nyingine. Jike aliyekutwa na maziwa asihesabiwe mmoja kwenye ukomo wa eneo, ahesabiwe watatu.

Na pale maziwa yanapoonekana, aliyemuua awe na wajibu wa kutoa taarifa siku hiyohiyo, kabla ya kuondoka mlimani kama simu inashika, ili mtu mwenye dhamana aende kutafuta watoto wakati nyayo bado mbichi. Mzee alirudi kwa hiari yake, siku ya tatu, na alikuwa amechelewa. Alikuwa na mteja wa kumpeleka uwanja wa ndege.

Nimejiuliza kwa nini jambo hili linanisumbua mimi, niliyempigia makofi simba aliyekufa nikiwa na miaka saba. Nimefika hapa tu: mjomba hakuwahi kumfuata simba. Alikaa kwenye dungu lake na debe lake, na simba alipokuja ndipo lilipokuwa la wao wawili. Mtu anayekwenda mwenyewe, kwa hiari, na mbwa na kioo cha setilaiti, mpaka nyumbani kwa mnyama ambaye hakumjia, anayo haki ya kisheria. Mmempa, na mimi nilisaidia kumpa kwa kura yangu. Lakini kwa kuwa ni yeye aliyekwenda, mzigo wa kujua aliyeko mtini ni nani uko juu yake wote. Hauwezi kuwekwa juu ya watoto waliojificha, kwamba wangepaswa wajionyeshe.

Binti yangu aliponiuliza nilichokiona nilimwambia yote, hata ya maziwa. Alinyamaza, kisha akauliza kama ningebadilisha kura. Nikamjibu hapana, na nikamweleza Oregon na Washington kwa mara ya kumi. Akasema, "Basi waandikie, Baba. Wewe ndiye uliyesema wanajua kazi yao."

Nitakuja kwenye mkutano wenu mtakapoliweka kwenye ajenda, na nitatumia dakika nitakazopewa, si zaidi. Mzee ameisoma tafsiri ya barua hii na amekubali niitume mradi nisimtaje jina. Amesema pia kwamba kama kuna mjumbe ambaye hajawahi kusimama chini ya mti na kutofautisha dume na jike kwa macho yake, yeye yuko tayari kumpeleka Jumamosi yoyote theluji ikiwa chini, bila malipo na bila bunduki. Avae viatu vya joto. Anwani yake mnayo. Leseni yake ya kuwinda mnaitoa ninyi.

Wasalaam,
Mpiga kura wa Aurora, mzaliwa wa Rufiji